Redio Zilizobaki kwa Kaka

Ndugu msikilizaji, katika kazi hii ya utangazaji kuna jambo tunalofundishwa mapema kabisa, pengine kabla hata ya kuonyeshwa namna ya kukikaribia kipaza sauti. Tunafundishwa kwamba ukikosea hewani, unasahihisha hewani. Huandiki barua ya siri, wala humpigii simu uliyemkosea ukamnong'oneza samahani. Kosa lililosikiwa na watu wote husahihishwa mbele ya watu hao hao, katika kipindi kile kile, na kwa sauti isiyopungua ile iliyokosea.

Leo nina sahihisho. Limechelewa. Mtu aliyestahili kulisikia tulimzika Korogwe wiki tano zilizopita, naye ni kaka yangu mkubwa, aliyetutangulia sote kuzaliwa. Lakini sikumbuki kusoma mahali popote kwamba aliyekosewa akifariki dunia na kosa nalo linazikwa. Kwa hiyo nivumilie.

Wale mliokuwa pamoja nami mwaka jana huenda mnakumbuka mazungumzo yangu juu ya kazi zinazokufa mijini. Niliwataja wapiga chapa waliokuwa wakikaa na taipureta zao nje ya mahakama, nikawataja wapiga picha wa studio zenye mapazia ya maua na ndege, kisha nikafika kwa mafundi redio. Nikasema kwamba namfahamu mmoja, yuko Manzese, bado anakaa na redio mbovu mbele yake kama mlinzi wa makaburi, na kwamba kinachomweka pale si kazi bali ubishi. Nilidhani ni sentensi nzuri. Mhariri wangu aliicheka. Sikutaja jina, lakini mafundi redio waliobaki Manzese si wengi, na mwenye mdogo wake mtangazaji alikuwa mmoja tu.

Sasa fahamu kwamba kaka alikuwa akinisikiliza kila Jumapili. Alifungua redio pale kazini kwake, sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, kwa sababu alitaka kila mteja ajue kwamba huyo anayezungumza alilelewa chumbani kwake. Jumapili ile pia redio ilikuwa imefunguliwa, na barazani walikuwepo watu.

Jioni nilimpigia simu, kama ilivyokuwa desturi yangu ya kutafuta sifa. Siku nyingine angenianza yeye: "Bwana mdogo, leo umemeza maneno pale katikati," au, "Bwana mdogo, siku hizi mnasema 'masaa' hata redioni?" Alikuwa mkali wa Kiswahili kuliko mwalimu wangu yeyote. Jioni ile alisema neno moja tu. "Nilikusikia." Halafu akaniuliza watoto wanaendeleaje.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili nimelitenda kaburini.

Unapokuwa mwandishi katika ukoo, msiba ukitokea kila mtu hupewa kazi yake: huyu jeneza, huyu magari, huyu sufuria, na wewe unapewa karatasi uandike wasifu wa marehemu. Tunajua sote wasifu unavyokwenda. Kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi, ndoa, watoto, kuugua, kufariki. Nilikaa usiku chini ya turubai nikimulikiwa na tochi ya simu, na nilipofika kwenye kazi, baba mkubwa aliyekuwa ameketi kando yangu akaniambia, "Hapo andika kwamba alikuwa amejiajiri. Inatosha." Nikaandika kwamba marehemu alikuwa akifanya shughuli zake binafsi jijini Dar es Salaam. Asubuhi nikasoma kwa dakika nne, kwa sauti ya kazini, na watu wengi walinipa mkono wakanisifu kwamba nimesoma vizuri.

Mama hakunisifu. Alingoja watu watawanyike, akaniita mkekani. "Baba," aliniambia, "mbona hukusema alitengeneza redio?"

Sikuwa na jibu. Basi leo nianzie pale nilipopaswa kuanzia siku ile.

Kaka alizaliwa mwaka 1967 katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Korogwe, baba yetu akiwa mkata mkonge. Mimi ni kitinda mimba, nimezaliwa mwaka 1980, na kati yetu wawili kuna dada watatu. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka ule hakuna mtoto hata mmoja wa darasa lake aliyechaguliwa kwenda sekondari, na jambo hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno.

Nyumbani palikuwa na redio moja, Philips ya bendi mbili, iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Miaka ile ya mwanzo ya themanini betri zilikuwa adimu kama sabuni na sukari, kwa hiyo baba aliweka sheria: redio ifunguliwe wakati wa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Wenye umri wangu wanajua ninachosema, na wasiojua wawaulize wazazi wao.

Siku moja redio ikanyamaza, na betri zilikuwa mpya. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, haya nimehadithiwa. Baba alipokwenda kazini, kaka akaiteremsha kabatini, akafungua parafujo kwa ncha ya kisu, akakuta uzi mmoja wa shaba umekatika penye sanduku la betri. Akauunga. Baba aliporudi jioni alisikia redio yake inazungumza tangu akiwa kwenye kona ya kambi. Alimchapa kwanza, kwa kufungua kitu kisicho chake. Halafu, siku hiyo hiyo kabla giza halijaingia, akamshika mkono akampeleka kwa mzee mmoja fundi redio karibu na stesheni ya reli, akamwambia, "Huyu mtoto wako."

Huko ndiko kaka alikosomea. Mzee yule hakuwa na cheti wala ubao. Alikuwa na chuma cha kuyeyushia risasi alichokitia kwenye jiko la mkaa kama fundi cherehani anavyofanya na pasi, alikuwa na mita moja ya kupimia umeme, na alikuwa na maneno. Kaka alinirithisha maneno hayo nilipokuwa na miaka sita au saba. Nilimwuliza kwa nini mchana redio yetu inapata stesheni chache, lakini usiku inaleta Nairobi na Mombasa na wasemaji wengine wa lugha tusizozijua. Akanijibu kama alivyojibiwa: "Mchana jua linameza sauti. Usiku linazitema."

Miaka mingi baadaye, nikisoma stashahada yangu ya uandishi wa habari, mwalimu alitueleza kuhusu masafa ya kati. Alisema kwamba mchana mionzi ya jua hujenga tabaka la chini angani, nalo hunyonya mawimbi hayo yasifike mbali. Jua likizama tabaka lile hutoweka, mawimbi yakapanda hadi tabaka la juu zaidi, yakagonga na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini nikacheka, kwa sababu somo hilo nilishalipata Korogwe, juu ya mkeka, bila ada.

Baba alifariki mwaka 1988. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa baba. Mwaka 1990 alishuka Dar es Salaam na begi la vifaa. Akapata sehemu ya baraza Manzese, si mbali na Barabara ya Morogoro, meza moja na kiti cha mteja, na mwaka 1995 nilipofaulu kuingia kidato cha kwanza alinileta mjini. Tulilala chumba kimoja, yeye na mkewe upande huu wa pazia, mimi upande ule pamoja na redio za watu. Shemeji hakulalamika hata siku moja, walau si kwa sauti ya kunifikia.

Ningependa niweze kukuonyesha baraza lile, ndugu msikilizaji, kwa sababu picha niliyokupa mwaka jana haikuwa ya kweli. Nilikwambia habari za makaburi. Mahali pale palikuwa soko! Asubuhi walikuja wauza mitumba na redio zao ndogo zilizonyeshewa na mvua. Walikuja walinzi waliokesha, wanaotaka redio zao kabla ya kwenda kulala. Ilipofika saa ya matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, kaka aliongeza sauti, na akina mama waliokuwa wakipita na ndoo kichwani walisimama, ndoo zikiwa pale pale, wasikilize kama limetajwa jina la kwao. Watu wengi wa Manzese wametoka mbali, na miaka ile simu ilikuwa kitu cha ofisini. Nimemwona mtu akipokea habari za kifo cha mama yake akiwa amesimama mbele ya meza ile. Kaka alizima chuma chake, akampisha kwenye kiti cha mteja, na hakufanya kazi tena hadi yule mtu alipopata wa kumsindikiza.

Mwezi Mei mwaka 1996 ilipozama meli ya MV Bukoba, karibu na Mwanza, watu wa Kagera waishio mtaani kwetu walijaa barazani hadi barabarani. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi shule na sare zangu. Kaka hakuniuliza habari za masomo. Alinipa redio mbili na kuniambia nizipeleke kwa majirani ambao redio zao zilikuwa mezani kwake zimefunguliwa matumbo. "Leo hakuna nyumba inayoweza kukaa bila redio," alisema. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki huko London, kaka alifungua redio zote nzima zilizokuwa rafuni, kubwa na ndogo, zote stesheni moja. Sauti ile ilitoka kwenye spika kumi na kitu kwa pamoja, nyingine nzito, nyingine nyembamba kama ya nyuki. Wiki ile hakutoza mtu. Redio iliyoletwa mbovu ilitengenezwa ikarudi kwao siku hiyo hiyo, jambo ambalo, niseme ukweli, halikuwa kawaida yake.

Kwa maana kaka alikuwa na kasoro zake, na sitaki nimfanye malaika kwa sababu amelala. Alikuwa fundi kamili kwa ahadi. "Njoo Ijumaa" yake ilijulikana Manzese yote, palikuwa na wateja waliokuwa wakimwuliza, "Ijumaa ya mwaka gani, fundi?" Alikuwa akiwaazima watu redio za watu. Mteja mmoja akilalamika kwamba atakaa bila redio kwa wiki nzima, kaka alimpa redio ya mwingine iliyokwisha kupona, mwenyewe akichelewa kuja. Mwenyewe akija, akapewa ya mtu wa tatu. Shemeji alimwambia kwamba siku moja jambo hili litamfikisha polisi. Halikumfikisha. Limetufikisha sisi mahali ambapo nitakueleza baadaye kidogo.

Nirudi kwenye ubishi nilioutaja. Nilisema kwamba anakaa pale kwa ubishi, dunia imempita. Nimepiga hesabu yangu upya, na naona kwamba dunia haikumpita hata mara moja; yeye ndiye aliyekuwa akiipokea mlangoni. Mwaka 1994 Radio One ilipoanza na vituo vingine vya watu binafsi vikafuata, watu walileta redio za zamani zisizo na FM wakidhani zimeharibika. Aliwaeleza mmoja mmoja, kwa subira, kwamba redio ni nzima ila mlango huo haina. Yalipojaa magari yaliyotumika kutoka Japani, kumbe redio zake zinaishia masafa ya 90, kwa sababu Japani FM yao inaanzia 76, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Kaka alijifunza kufunga kidude kidogo nyuma ya redio cha kuyashusha masafa yetu yaingie kwenye redio ya Mjapani. Miaka kadhaa watoto wake walisoma kwa kidude hicho. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wiki iliyofuata meza yake ilikuwa na ving'amuzi. Simu zilipoanza kuwa na redio ndani yake, alitengeneza simu.

Na katikati ya hayo yote hakuacha kupokea redio za zamani. Hapo ndipo nilipomwona mbishi. Nilimwuliza mara moja, miaka mitatu minne iliyopita, kwa nini anapoteza siku mbili kwa redio ambayo mwenyewe angeweza kununua mpya ya Kichina kwa bei ya matengenezo. Alikuwa akiunga uzi wa kuzungushia mshale wa stesheni, ule uzi mwembamba unaopita kwenye magurudumu madogo; ukikatika, yeye aliweka mshipi wa kuvulia samaki. Hakuinua macho. "Huyu mzee macho yamekwisha," aliniambia. "Anajua kwa kidole stesheni yake iko wapi. Redio mpya ataanza kujifunza lini?"

Nilikuwepo nikayasikia maneno hayo. Kisha nikaenda studio nikasema ubishi.

Lakini kuna habari nyingine ambayo sikuijua nilipoandika mazungumzo yale, na nimeijua msibani. Mwaka 2002 nilipopata nafasi ya stashahada, ada ya mwaka wa kwanza ilipatikana kwa wiki moja. Sikuuliza imetoka wapi. Kijana anapopewa ada haulizi. Kijana wa kaka wa siku zile, aliyekuwa akijifunza kazi pale barazani na sasa ni fundi mwenye kibanda chake, alinisogelea usiku wa mkesha. Akaniuliza kama nakumbuka ile mita. Mita ile ya mzee wa stesheni, ambayo mzee alimkabidhi kaka siku anaondoka Korogwe, na kaka hakumruhusu mtu yeyote kuigusa bila kunawa mikono. Nikasema naikumbuka, ilikuwepo, halafu haikuwepo, na kaka alisema ameiazimisha. Kijana akatikisa kichwa. Iliuzwa. Karibu mwaka mzima kaka alifanya kazi bila mita. Alipimia nyaya kwa balbu ya tochi na betri mbili: balbu ikiwaka, uzi ni mzima, isipowaka, umekatika. Kinachohitaji mita kweli kweli alikipeleka kwa fundi mwenzake na kumlipa. Wateja walipocheka, alikuwa akiwajibu kwamba kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi.

Kwa hiyo hii sauti unayoisikia kila Jumapili ililipiwa kwa mita ya fundi redio, nayo ndiyo iliyosimama hewani ikasema kwamba fundi redio ni mlinzi wa makaburi.

Kuhusu kifo chenyewe sina mengi. Alikuwa na presha. Aliambiwa na daktari, akapewa vidonge, akavimeza hadi alipojisikia mzima, akaviacha, kwa hoja ile ile ya wanaume wengi wa rika lake kwamba kichwa kisipouma hakuna ugonjwa. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Kiharusi kilimkuta mezani, asubuhi, ameshika bisibisi. Alikaa hospitali siku nne bila kusema neno. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Utaniuliza kama nilimwomba radhi kabla. Nilijaribu, kwa namna yetu sisi wanaume wa kwetu, ambayo ni kuzunguka. Miezi miwili baada ya yale mazungumzo nilikwenda Manzese na redio yangu ndogo, ile ninayotumia nyumbani alfajiri. Haikuwa na ubovu wowote. Nilitaka tu nifike mbele ya ile meza kama mteja, nikae kwenye kiti cha mteja, na pengine maneno yangekuja. Nikamwambia inakwaruza ukiongeza sauti. Akaichukua, akaizungusha, akaisikiliza, akaniangalia. Barazani palikuwa na watu watatu. "Iache," akasema. "Njoo Ijumaa." Tukaongea habari za harusi ya binti yake. Ijumaa sikwenda, nilikuwa na safari. Harusini tulisimama bega kwa bega, akawa ananitambulisha kwa wakwe, "Huyu mdogo wangu, mtangazaji, bila shaka mnamsikia," na mimi nikasema moyoni kwamba mambo yamekwisha, hakuna haja ya kufukua.

Baada ya kuanua matanga tulifungua kibanda. Kaka hakuwa na kompyuta wala daftari la maana. Kila redio aliifunga karatasi ndogo kwa uzi, imeandikwa mwenyewe, ubovu, na pesa. Yangu ilikuwa rafu ya juu, imefutwa vumbi. Karatasi yake imeandikwa kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: BWANA MDOGO. NZIMA. ASILIPE.

Alijua, basi. Alijua tangu alipoizungusha, na aliiweka pale miezi yote ile akingoja niifuate. Nimekaa na karatasi hiyo wiki hizi tano na bado sijaamua inaniambia nini. Kuna siku naisoma kama msamaha, na kuna siku naisoma kama taarifa ya fundi tu: redio haina kosa, kosa liko kwa mwenye redio.

Basi, kwa kauli isiyopungua ile ya mwaka jana: nilisema kwamba fundi redio wa Manzese anakaa pale kwa ubishi. Haikuwa kweli. Alikuwa akifanya kazi, na nilikuwa nikiishi kwa kazi hiyo. Nilisoma kaburini kwamba marehemu alikuwa na shughuli zake binafsi. Hazikuwa za binafsi hata kidogo. Alitengeneza redio.

Sasa lile jambo nililoahidi kulieleza. Tumekuta redio ishirini na sita. Kwa sababu ya ule mtindo wake wa kuazima, karatasi na redio hazipatani zote, na wengine wameshakuja kwa shemeji wakidai redio iliyo nyumbani kwa mtu mwingine. Tunaomba kila mwenye redio aje kuichukua, na kila aliyeazimwa isiyo yake airudishe. Mimi nilipendekeza zitolewe bure, kwa kumkumbuka. Shemeji akanikatalia mbele ya watoto. "Kazi yake ilikuwa na bei," alisema. Kwa hiyo iliyopona italipiwa kile kilichoandikwa, na isiyopona mwenyewe ataamua.

Nazisoma baadhi. Redio ya National, mkono umekatika, imeandikwa Mama Vitumbua, uzi wa mshale, imepona. Redio kaseti kubwa nyeusi, imeandikwa Mlinzi wa Shule, spika, amelipa nusu. Redio ndogo nyekundu ya betri mbili, imeandikwa Mtoto wa Mpemba, haijaguswa. Redio ya mbao, kitambaa cha mbele kimetoboka, imeandikwa Mzee wa Macho, imepona, apelekewe nyumbani. Hii ya mwisho hatujui nyumbani kwenyewe ni wapi. Kama wewe ni jirani yake au mjukuu wake na unanisikia, tafadhali mwambie redio yake ni nzima na mshale uko pale pale alipouacha.

Ni barazani pale pale, Jumamosi tatu zijazo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Atakuwepo yule kijana wa zamani wa kaka, niliyemtaja, pamoja na binti mkubwa wa marehemu. Njoo na maelezo ya redio yako, rangi yake na ubovu uliyoileta nao. Na kijana akikwambia urudi Ijumaa, usimkubalie.